Mafunzo yalitangulia hisa: kisa cha ushirika wa wahudumu wa majumbani South Bronx

Mwaka 1985 kampuni mpya ilianza kazi South Bronx, jijini New York, ikiwa na wahudumu 12. Iliitwa Cooperative Home Care Associates, kwa kifupi CHCA. Wahudumu hao walikwenda majumbani kwa wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu: kuogesha, kulisha, kumgeuza kitandani asiyeweza kujigeuza, kukumbusha dawa, kumsindikiza mtu kliniki. Kampuni hiyo ilikua hadi kufikia wafanyakazi wapatao 2,000, na ndiyo ushirika mkubwa kuliko wote unaomilikiwa na wafanyakazi nchini Marekani. Karibu wote ni wanawake, wengi wao weusi au wenye asili ya Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibiani, na wengi waliingia wakitokea kwenye msaada wa serikali au kwenye vibarua visivyo na uhakika.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama habari ya umiliki: wanyonge walinunua hisa, wakawa wenye mali. Mimi nakisoma kwa mpangilio mwingine. Kilichoibeba CHCA ni namna ilivyomfundisha mtu, na namna ilivyomshika mkono baada ya mafunzo kwisha. Hisa zilijengwa juu ya msingi huo, na peke yake zisingesimama. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye mafunzo kuliko kwenye katiba ya ushirika.

Kazi yenyewe ilivyokuwa

South Bronx ilikuwa imetoka kwenye muongo mbaya. Katika miaka ya 1970 majengo mengi yaliungua au yalitelekezwa na wenyewe, viwanda vilihama, na familia zilizobaki zilikuwa zile zisizo na pa kwenda. Kazi iliyokuwa ikiongezeka ni hii ya kuhudumia watu majumbani. Wazee walikuwa wengi zaidi, na tangu 1983, bima ya serikali kwa wazee, Medicare, ilipoanza kuzilipa hospitali kiasi kilichopangwa kwa kila aina ya ugonjwa, hospitali zilikuwa na kila sababu ya kumruhusu mgonjwa mapema. Aliyerudi nyumbani hajapona sawasawa alihitaji mtu wa kumwangalia.

Kazi ilikuwepo, ila ilikuwa kazi mbaya. Malipo yalikuwa madogo na saa zilikatwakatwa: mbili asubuhi kwa mzee mmoja, mchana kutwa bila kitu, tatu jioni upande mwingine wa jiji, na nauli inatoka mfukoni mwa mhudumu. Mgonjwa akilazwa au akifariki, mapato yanakatika siku hiyohiyo. Sheria nayo haikumlinda. Mwaka 1974 Bunge la Marekani liliwaingiza watumishi wa majumbani kwenye sheria ya kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada, lakini likawaacha nje waliohesabiwa kuwa ni watu wa kukaa tu na wazee na wagonjwa. Kanuni za utekelezaji zikapanua pengo hilo hadi kwa waajiriwa wa makampuni. Evelyn Coke, mhudumu wa Queens, alipodai saa zake za ziada, shauri lake lilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2007 akashindwa, majaji wote tisa wakiwa upande mmoja.

Waajiri walikuwa wamezoea watu kuacha kazi. Akiondoka mmoja leo, kesho anachukuliwa mwingine, anapewa mafunzo ya chini kabisa yanayoruhusiwa, anapelekwa kazini. Hasara ya mtindo huo haionekani kwenye hesabu za kampuni, kwa sababu inabebwa na mgonjwa: kila baada ya wiki chache anavuliwa nguo na kuogeshwa na mtu asiyemjua.

Rick Surpin alikuwa akifanya kazi na Community Service Society, shirika kongwe la kusaidia maskini jijini New York. Wazo lake na la wenzake lilikuwa jepesi kulieleza: mhudumu akiwa na kazi nzuri, mgonjwa atapata huduma nzuri, na kampuni itaweza kuuza ubora huo kwa hospitali na mashirika makubwa ya huduma yanayotafuta wakandarasi wadogo. Peggy Powell akashika upande wa elimu.

Kulitekeleza kulikuwa kugumu. Mwanzo ulikuwa wa hasara na misukosuko ya uongozi, na ni mwaka 1987 ndipo kampuni ilipoanza kupata faida. Naamini kipindi hicho kina funzo zito kuliko miaka ya mafanikio. Mwanamke aliyepitishwa kwenye programu moja ya ajira baada ya nyingine, kila moja na ahadi zake, ana haki ya kungoja aone. Mshahara uingie siku yake. Anayepanga zamu apokee simu. Saa alizoahidiwa zisiyeyuke. Akishayaona hayo ndipo maneno ya kwamba kampuni ni yake yanapata mahali pa kukaa. Kumweleza umiliki kabla ya hapo ni kumwomba aweke imani mahali ambapo hajaona kitu.

Darasa la wiki nne, na kinachofuata

Sheria ya shirikisho inataka mhudumu wa afya wa nyumbani apate saa 75 za mafunzo, angalau 16 kati yake ziwe za vitendo. CHCA ilikwenda takriban mara mbili ya hapo: wiki nne kamili, kwa Kiingereza na kwa Kihispania, bila ada. Hilo la kutotoza ada lisipitwe haraka. Katika jiji ambalo zipo shule zinazomtoza mwanamke asiye na kazi ili apate cheti hichohicho, ada ndiyo mchujo wa kwanza, na unawaondoa walewale ambao ushirika wa namna hii umeanzishwa kwa ajili yao. CHCA ilichuja kwa mahojiano badala ya pochi: huyu mtu ana moyo wa kumhudumia mwingine? Anaweza kutulia mbele ya mgonjwa mkali? Yuko tayari kwa kazi ya zamu?

Namna ya kufundisha nayo ilibuniwa kwa ajili ya watu wazima ambao wengi wao walitoka shuleni na kumbukumbu chungu. Mhadhara ni mchache. Watu hufanya mazoezi wawili wawili, huigiza, hujadiliana kwa makundi. Chukua mfano wa mzee anayekataa kuoga. Mkufunzi wa kawaida atasoma utaratibu: eleza umuhimu wa usafi, jaribu tena, andika kwenye ripoti. Katika darasa la kuigiza, mwanafunzi mmoja anakuwa mzee, mwingine mhudumu, waliobaki wanaangalia, kisha maswali yanaanza. Amekataa kwa nini? Maji ni ya baridi? Anaogopa kuteleza? Ana aibu kwa kuwa mwanawe wa kiume yuko chumba cha pili? Kila jibu lina njia yake, na hakuna utaratibu ulioandikwa unaoweza kuzitaja njia zote.

Hii ni mbinu ya lazima kwa sababu mhudumu yuko peke yake ndani ya nyumba. Muuguzi hayupo, msimamizi hayupo, na mwenzake wa kumuuliza hayupo. Uamuzi wa dakika hiyo ni wake. Lakini kuna jambo la pili, na hapa ndipo ninapoiona akili kubwa ya waanzilishi. Kusikiliza kabla ya kujibu, kuzuia hasira, kupima njia mbili tatu kabla ya kushika moja, kusema ukweli mgumu bila kumdhalilisha mtu: hayo anayahitaji mhudumu kando ya kitanda, na hayohayo anayahitaji mwanachama katika mkutano unaojadili faida igawanywe au iwekwe akiba. CHCA haikulazimika kuendesha mafunzo mawili, moja la kazi na jingine la ushirika. La kwanza lilikuwa tayari limebeba sehemu kubwa ya la pili.

Miradi mingi ya mafunzo huishia kwenye cheti na picha ya pamoja. Hapa mafunzo yaliendelea ndani ya ajira, na yaliwagusa watu wa ofisini pia. Msimamizi aliyezoea njia ya kawaida, akiona mhudumu amechelewa mara ya tatu, anaandika onyo, kisha la pili, kisha barua ya kumwachisha kazi. Wasimamizi wa CHCA walifundishwa kuwa walezi wa kazi: uliza, sikiliza hadi mwisho, halafu liweke tatizo mezani bila kulizunguka. Mgonjwa alibaki saa nzima bila kugeuzwa. Nini kimetokea, na wiki ijayo utafanya nini kisitokee tena? Kiwango cha kazi hakishushwi hata kidogo. Kinachobadilika ni kwamba mhudumu anaulizwa kama mtu anayeweza kutafuta ufumbuzi, na ufumbuzi aliousema kwa kinywa chake ndio anaopimwa nao.

Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linaloachwa mara nyingi kuliko yote. Wanafundishwa maskini, halafu wanaingizwa mikononi mwa mameneja ambao hakuna aliyewafundisha chochote. Mhudumu aliyejifunza darasani kwamba sauti yake ina thamani, akakaripiwa kwenye simu siku yake ya kwanza ya kazi, atajua haraka ni somo lipi kati ya hayo mawili ndilo la kweli.

Zaidi ya msimamizi, mhudumu mpya alikuwa na mwenzake mzoefu wa kumpigia simu. Kulikuwa na mikopo midogo isiyo na riba kwa ajili ya dharura, na watu wa kumsaidia mtoto anapokosa wa kumwangalia au kodi ya nyumba inapokwama. Sehemu ya wakufunzi walikuwa wahudumu zamani, kwa hiyo aliyekaa darasani alimwona mbele yake mtu aliyepita njia ileile. Wafadhili huyaita mambo haya huduma za ziada. Kwa mhudumu ambaye kesi ya kodi au homa ya mtoto ndiyo itakayomfukuzisha kazi, hayo ni gharama za uzalishaji kama ilivyo nauli na sare.

Dola 50, kisha 3.65

Mwaka uleule wa 1985 jimbo la New York lilipata sheria ya vyama vya ushirika vya wafanyakazi, iliyotoa sura ya kisheria kwa kanuni ya mwanachama mmoja, kura moja. Hisa ya CHCA iliwekwa kuwa dola 1,000. Kwa mhudumu wa South Bronx hizo ni fedha ambazo hajawahi kuzishika kwa pamoja, basi njia ikawa hii: unatanguliza dola 50, zilizobaki unakopeshwa, na kila wiki inakatwa dola 3.65 kwenye mshahara kwa miaka mitano. Kura unaipata tangu mwanzo, kabla deni halijaisha.

Uzuri wa mpango huu uko kwenye ukubwa wa makato. Dola 3.65 ni kiasi ambacho mtu anakihisi lakini hakimkoseshi chakula. Kingekuwa bure kabisa, hisa ingekuwa zawadi, na zawadi haimpi mtu ujasiri wa kusimama mkutanoni na kuhoji mizania. Kingekuwa kikubwa, wangemiliki wenye nafuu tu. Katika miaka mizuri gawio lilikuwa mia chache za dola, fedha isiyomtoa mtu kwenye umaskini. Aliyetarajia hisa zimtajirishe mhudumu atakuwa amekosea mahesabu tangu mwanzo. Faida kubwa ya kumiliki ilikuwa usemi juu ya saa, mafunzo na matumizi ya kile kilichobaki mwisho wa mwaka.

Katika bodi ya watu 14, wanane huchaguliwa na wafanyakazi kutoka miongoni mwao. Wingi huo una maana pale tu wanane hao wanapoweza kusoma karatasi zinazowekwa mbele yao, ndiyo maana kulikuwa na mafunzo ya hesabu za mapato na matumizi, pamoja na baraza la wafanyakazi linalofikisha malalamiko kwa uongozi. Hata hivyo, ni karibu nusu tu ya wafanyakazi walionunua hisa. Wapo wanaoona huo ni udhaifu wa mfano mzima. Naona ni jambo la kuangaliwa kwa makini, lakini ushirika unaomlazimisha mtu kununua hisa siku anayoingia, kabla hajajua kama kazi inamfaa, ungekuwa na asilimia nzuri kwenye ripoti na wanachama wengi wasio na habari na kampuni yao.

Kwa mhudumu wa kawaida, nadhani uamuzi mkubwa kuliko wa hisa ulikuwa mpango wa saa za uhakika. Aliyekaa kazini miaka mitatu, akakubali kupokea mgonjwa yeyote anayepangiwa na kufanya kazi wikendi kwa zamu, alihakikishiwa malipo ya saa 30 kwa wiki hata kama kazi haikupatikana. Kampuni ikaubeba mzigo ambao sekta nzima ilikuwa ikimtwisha mhudumu. Kwa uamuzi huo mtu anaweza kusaini mkataba wa nyumba.

Matokeo yalionekana mahali ambapo sekta hii huumia zaidi. Wakati katika makampuni mengi karibu nusu ya wahudumu au zaidi huacha kazi ndani ya mwaka, CHCA ilikaa karibu na robo, na kuna miaka ilikuwa chini ya hapo. Mwaka 2003 wafanyakazi wakajiunga na chama cha wafanyakazi cha 1199SEIU. Wengine walishangaa mwenye kampuni anahitaji chama cha kumtetea dhidi ya nani. Jibu lilikuwa nje ya kampuni: bei ya huduma hupangwa na serikali ya jimbo, na sauti ya ushirika mmoja haifiki Albany, makao makuu ya jimbo, kama inavyofika ya chama chenye wanachama laki kadhaa.

Dari ambalo ushirika hauwezi kulivunja peke yake

Hapa ndipo kisa kinapogeuka kuwa kigumu. Sehemu kubwa ya mapato ya huduma hizi hutoka Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Ushirika unaweza kugawa fedha hizo kwa haki kuliko wengine, lakini hauwezi kugawa kisichoingia. CHCA iliielewa mipaka hiyo mapema, ikajenga taasisi pembeni yake. Mwaka 1991 ilizaliwa PHI, shirika lisilo la faida lililobeba mbinu za mafunzo na usimamizi na kuzipeleka kwa waajiri wengine, huku likidai sheria zibadilishwe. Mwaka 2000 ikaanza Independence Care System, mpango wa kusimamia huduma za muda mrefu kwa watu wenye ulemavu, uliokuwa ukinunua huduma za wahudumu wa CHCA. Sehemu kubwa ya ukuaji wa ushirika ilitokana na mteja huyo.

Mkakati wa sheria ulizaa matunda polepole. Mwaka 2013 Wizara ya Kazi ya Marekani ilitoa kanuni mpya, na mwaka 2015, baada ya mvutano mahakamani, wahudumu walioajiriwa na makampuni wakaingia rasmi kwenye kima cha chini na saa za ziada. Evelyn Coke alikuwa amefariki mwaka 2009. Kwa upande wa mteja mkubwa, mwaka 2019 Independence Care System iliacha kazi hiyo ya kusimamia huduma, na watu iliowahudumia wakahamishiwa mpango mwingine. Ushirika uliokuwa umejitengenezea mnunuzi wake ukarudi kushindania mikataba kama wengine.

Kuna ushahidi mwingine wa dari hilo. Mfano wa CHCA ulinakiliwa Philadelphia mwaka 1993 na Boston mwaka 1994, kwa mbinu zilezile za mafunzo na kwa msaada wa watu walewale. Wa Philadelphia ulidumu. Wa Boston ulifungwa baada ya miaka michache. Mafunzo bora yalikuwepo kote kuwili, kwa hiyo anayesema mafunzo peke yake yanatosha ajibu swali la Boston kwanza.

Mwaka 2014 Baraza la Jiji la New York lilitenga dola milioni 1.2 kwa ajili ya kuanzisha na kusaidia vyama vya ushirika vya wafanyakazi, na fedha hizo zikapitia mashirika yanayovilea. Yapo yenye njia tofauti na ya CHCA. Green Worker Cooperatives, iliyoko South Bronx vilevile, huendesha darasa linalopokea makundi yenye wazo lao la biashara na kuyafikisha kwenye ushirika kamili. Center for Family Life ya Sunset Park, Brooklyn, imelea ushirika wa usafi wa Si Se Puede! tangu 2006, miongoni mwa vingine. Vyama hivi ni vidogo, vingi vya watu wachache wanaojuana, na kwa kazi ya usafi hilo linafaa kabisa. Naviheshimu. Ila visipewe mzigo wa CHCA, kwa sababu havina mtaji wa kumlipa mtu saa ambazo kazi haikupatikana wala ofisi ya kumlea msimamizi.

Kwa wanaopanga bajeti za misaada hii, nina ombi moja. Kipengele kinachokatwa kwanza fedha zinapopungua ni msaada baada ya ajira: mwenzake mzoefu, mlezi wa msimamizi, mkopo mdogo wa dharura. Ripoti hupenda kuhesabu waliohitimu, na hicho kinahesabika kwa urahisi. Mwaka wa bajeti wa Jiji la New York huisha tarehe 30 Juni. Mhudumu aliyeanza kazi Mei bado ana miezi yake ya kwanza mbele, na hiyo ndiyo miezi ambayo wengi katika kazi hii huacha.